Mwanamke wa chai ya saa kumi na moja

UKIFIKA Modogashe baada ya swala ya Alasiri, usiulize watu wako wapi. Wako kwa chai. Wazee wamekalia viti vya plastiki nje ya hoteli, madereva wa malori ya mifugo wako kwenye benchi ile nyingine, na manyumbani kina mama wametandika mkeka, chupa mbili za chai katikati, uunsi unafuka pembeni. Chai yenyewe unaijua kama umewahi kupita huku: maziwa, ya ngamia yakipatikana, iliki, mdalasini, karafuu, tangawizi, na sukari ambayo daktari akiiona atatikisa kichwa tu. Sisi tunaiita shaah. Kikao chenyewe tunakiita casariyo, jina linalotokana na hiyo hiyo Alasiri.

Modogashe ni mji wa njia panda. Barabara moja inatoka Garissa, nyingine Isiolo, nyingine inaendelea Wajir hadi Mandera. Kwa hivyo habari za pande zote tatu hupita hapa, na mahali zinaposhukia ni kwenye kikombe. Nani ameuza ngamia wangapi, mvua imenyesha wapi, bei ya mbuzi Garissa ikoje, binti wa nani amerudi nyumbani bila maelezo. Hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu linanihusu.

Lakini kwanza nataka nikupeleke mbali kidogo. Ukiwauliza Waingereza chai yao ya alasiri ilianzia wapi, ile ya vikombe vyembamba na vipande vidogo vya mkate, watakutajia mwanamke mmoja: Anna, Duchess wa Bedford. Hoteli kubwa za London zinauza chai kwa jina lake mpaka leo. Usidhani nakuambia huyu ndiye aliyetufundisha sisi kunywa chai. Hapana, yetu ilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi na Uarabuni, na saa yake ilipangwa na swala, si na malkia. Nakusimulia maisha yake kwa sababu ya jambo ambalo hoteli hizo haziliandiki kwenye menyu.

Mtoto wa nyumba ya chai

Anna Maria Stanhope alizaliwa Septemba 3, 1783. Baba yake alikuwa Charles Stanhope, Earl wa tatu wa Harrington, mwanajeshi. Mama yake, Jane Fleming, alitoka familia tajiri na baadaye akawa mmoja wa wanawake waliomhudumia Malkia Charlotte. Kwa hivyo Anna hakuingia ikulu kwa bahati. Kazi hiyo aliiona kwa mama yake.

Wakati ule chai yote ya Uingereza ilitoka China kwa meli, na serikali iliitoza ushuru wa asilimia 119. Hebu fikiria, ushuru unazidi bei ya kitu chenyewe. Matokeo yake unayajua hata bila kusoma historia: magendo. Chai iliteremshwa usiku ufuoni na watu wa kila cheo wakainunua. Sisi tuliokulia huku, tukisikia stori za sukari tangu utotoni, hatuhitaji kufafanuliwa. Mwaka 1784, Anna akiwa mchanga, serikali ya William Pitt ilishusha ushuru ule hadi asilimia 12.5. Magendo yakafa karibu mara moja, na chai ikaanza kushuka kutoka meza za matajiri hadi kwa mfanyakazi wa kawaida.

Kwa kina Harrington lakini chai ilikuwa imeshazoeleka kupita kiasi. London nzima ilijua kwamba nyumba ile haipoi birika. Kaka yake Anna, aliyekuja kuwa Earl wa nne, alikuwa na chumba chenye mikebe ya chai za kila aina, na ugoro wa kila aina pia. Kuna kisa kilichosimuliwa sana kuhusu kaka mwingine, Lincoln, aliyekwenda India na jeshi akakaa miaka mingi. Siku aliyorudi aliikuta familia imekaa vile vile alivyoiacha, mezani, kwenye chai. Baba yake alimsalimia kwa furaha kisha akamkaribisha kikombe, kana kwamba kijana ametoka dukani.

Nakiweka kisa hiki hapa kwa sababu kinatusaidia baadaye. Wakikwambia Anna ndiye mtu wa kwanza kunywa chai mchana, kumbuka nyumba aliyotoka.

Agosti 8, 1808, akiwa na miaka 24, aliolewa na Francis Russell, mrithi wa Duke wa Bedford. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, William, na hawakupata mwingine. Kina Russell walikuwa watu wa siasa, upande wa Whig. Shemeji yake Anna, Lord John Russell, alikuja kuwa waziri mkuu. Na kwa sababu baba mkwe wake alikuwa bado hai, Anna alijulikana kwa miaka zaidi ya 30 kama Lady Tavistock. Shika jina hilo.

Tumbo la Flora

Juni 1837, Victoria akawa malkia akiwa na miaka 18. Msichana wa miaka 18, hebu jiulize wewe ungekuwa wapi. Alizungushiwa wanawake wa kumhudumia na kukaa naye, wake na mabinti wa wakubwa wa Whig, na Lady Tavistock alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 53. Kwa msichana yule alikuwa mtu mzima wa kutegemewa, kama vile sisi tungemwita eedo.

Ikulu ile ilikuwa nyumba moja yenye kambi mbili. Victoria alikuwa hasikizani na mama yake, Duchess wa Kent. Mama naye alimwamini sana msimamizi wake, Sir John Conroy, mtu ambaye Victoria alimchukia tangu utotoni kwa jinsi alivyotaka kumtawala. Katika kambi ya mama kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Lady Flora Hastings. Hakuwa na mume. Alikuwa mcha Mungu, mtunzi wa mashairi, na mwenye ulimi mkali kidogo.

Mwanzoni mwa 1839 Flora alirudi kutoka kwao Scotland akiwa na maumivu ya tumbo. Sehemu ya safari alikuwa amesafiri kwa gari la farasi pamoja na Conroy. Akaenda kwa daktari wa ikulu, Sir James Clark, akapewa dawa. Tumbo likaanza kuvimba.

Basi. Si unajua kilichofuata?

Wanawake wa kambi ya malkia wakaanza kuhesabu. Safari, Conroy, tumbo. Lady Tavistock alipofika zamu yake akaikuta stori imeshaiva, na wenzake wakamwomba yeye, kwa umri na cheo chake, afanye kitu kulinda heshima yao. Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kutembea hadi chumba cha Flora, kuketi, na kumuuliza anaumwa nini. Ya pili ilikuwa kulipeleka jambo kwa Lord Melbourne, waziri mkuu. Alichagua ya pili.

Kuanzia hapo halikuwa tena neno la wanawake chumbani. Waziri mkuu akamwita daktari. Malkia mwenyewe akaamini kwamba Flora ni mjamzito na Conroy ndiye mwenyewe. Daktari akamkabili Flora kwa maneno ambayo mgonjwa hapaswi kuyasikia, naye akakana. Ikasemwa kwamba hatakubaliwa mbele ya malkia mpaka apimwe. Februari 17, 1839, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 33, Flora alikubali kupimwa na madaktari wawili. Walitia sahihi kwamba hakuna sababu ya kushuku kuwa ana mimba au amewahi kuwa nayo.

Victoria alimwomba radhi. Ila neno likishatoka halirudi kwa radhi moja. Mwezi Machi gazeti lilichapisha barua ambayo Flora alimwandikia mjomba wake, na nchi nzima ikajua alivyotendewa. Malkia aliyekuwa akishangiliwa barabarani akazomewa kwenye mbio za farasi za Ascot. Flora naye akazidi kukonda. Alifariki Julai 5, 1839, ndani ya ikulu ile ile ya Buckingham. Walipompasua wakakuta ini lililovimba. Lile tumbo lilikuwa ugonjwa tangu siku ya kwanza.

Sisemi Lady Tavistock ndiye aliyemuua. Ini ndilo lililomuua. Lakini miezi yake ya mwisho aliiishi akijua kwamba watu anaopishana nao ngazini waliwahi kukaa wakaligawana jina lake, na kwamba mwanamke aliyekuwa na umri wa kuwa mama yake hakuja kumuuliza.

Viti vya ikulu

Kabla Flora hajafa, Mei mwaka huo huo, Anna na wenzake walijikuta katikati ya mzozo mwingine. Serikali ya Melbourne iliyumba, na Robert Peel wa upande wa Tory akaitwa kuunda serikali mpya. Peel akaomba jambo ambalo kwake lilikuwa la haki: baadhi ya wanawake wanaomzunguka malkia wabadilishwe, maana wote walikuwa wa chama pinzani. Victoria akakataa kata kata. Peel akaiacha kazi, Melbourne akarudi.

Ukifikiria vizuri, utaona Peel alijua alichokuwa akiogopa. Wanawake wale hawakuwa na kura wala kiti bungeni. Walichokuwa nacho ni kukaa karibu na sikio la malkia kila siku, bila kuandikwa popote. Mtu yeyote aliyekulia nyumba ya Kisomali anajua nguvu hiyo. Wanaume wanaweza kukaa chini ya mti siku tatu, lakini kuna maamuzi yaliyoshapikwa kwenye mkeka jana jioni.

Oktoba 1839 baba mkwe akafariki. Francis akawa Duke wa saba wa Bedford, na Lady Tavistock akawa Duchess. Jina jipya. Miezi mitatu na kitu baada ya Flora kuzikwa.

Birika chumbani

Hapa ndipo wengi huanzia stori. Wakubwa wa Uingereza wakati ule walikula asubuhi, wakadonoa kitu kidogo adhuhuri, kisha chakula kikuu kilikuwa kimeanza kusogezwa hadi saa moja au saa mbili usiku. Kati yake ni njaa tupu. Inasimuliwa kwamba Anna, akiwa katika jumba lao la Woburn Abbey, alisikia mwili unamlegea kila alasiri, akaagiza aletewe chumbani chai na mkate wenye siagi, kisha akaanza kuwaita marafiki.

Jinsi hasa ilivyoanza ni masimulizi. Lakini kuna mambo mawili yaliyoandikwa na watu waliokuwepo. Mwaka 1841, akiwa kwenye kasri la Windsor, Anna mwenyewe alimwandikia shemeji yake kwamba Prince Esterhazy, rafiki yake wa zamani, alikunywa chai kwake saa kumi na moja, mwanaume mmoja kati ya wanawake wanane. Na mwaka 1842 mwigizaji maarufu Fanny Kemble alikuwa mgeni katika kasri la Belvoir. Akaitwa mara kadhaa chumbani kwa Duchess wa Bedford. Alipoingia alikuta wanawake wachache wameketi kwa siri siri, wanapika chai kwa birika ambalo Anna alisafiri nalo mwenyewe. Kemble alikuwa hajawahi kuona jambo hilo, na baadaye aliandika kwamba anaamini desturi ilianzia pale.

Hiyo picha ndiyo ninayoipenda. Mwanamke karibu miaka 60, mwenye majumba na watumishi, anabeba birika lake kwenye mzigo kama habaryar anayekwenda Mandera kwa basi na chupa yake ya chai kwa sababu haamini ya njiani.

Kwa hivyo uvumbuzi wake haukuwa kunywa chai mchana. Kwao walikunywa kutwa. Alichofanya ni kuipa saa, kuipa mlango, na kuchagua nani anaingia. Kila mgeni aliyerudi kwake alirudi na desturi ile. Ndani ya miaka 40 ilikuwa imetoka vyumbani ikafika sebuleni, ikawa na nguo zake na vyombo vyake, na mke wa karani naye akawa na siku yake ya kupokea wageni.

Ajabu ni kwamba alijenga kikao kile mara tu baada ya kuona kikao kinaweza kufanya nini. Alikuwa anamtafuta nani pale kwenye birika? Hakuacha maelezo, nami sitamsemea. Ninachojua ni kwamba ikulu haikumweka sana. Peel aliporudi na kushinda mwaka 1841, safari hii Prince Albert alipatanisha mapema, na wanawake watatu wa Whig wakajiuzulu kimya kimya. Duchess wa Bedford alikuwa mmoja wao. Kiangazi hicho hicho, Victoria na Albert walikuwa wamelala Woburn kama wageni wake, kwa hiyo urafiki haukukatika.

Baada ya hapo aliishi miaka 16 zaidi, Woburn na London, akipokea wageni. Shemeji yake Lord John akaongoza serikali kuanzia 1846 hadi 1852, na nyumba za kina Russell zikawa na wageni wengi wa siasa. Anna alifariki Julai 3, 1857, akiwa na miaka 73. Alizikwa Chenies, kwenye kanisa la familia. Angeongeza siku mbili ingekuwa miaka 18 kamili tangu Flora afe.

Sasa turudi Modogashe

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu ilikuwa karo, hakuna jingine. Sikutaka kukaa Eastleigh nikimtazama hooyo akihesabu pesa ambazo hazipo, kwa hivyo nikapanda basi nikaja kwa ayeeyo, Modogashe, nipumzishe kichwa.

Sijamaliza wiki, tayari kulikuwa na matoleo matatu ya maisha yangu. La kwanza, nimefukuzwa. La pili, miraa. La tatu unaweza kulikisia, kwa sababu ni lile lile la Flora: nimekuja kujificha na tumbo. Nilikuwa nimevaa dirac pana kwa sababu ya joto, na kwa watu fulani huo ulikuwa ushahidi tosha.

Nililisikia la tatu mwenyewe. Nilikuwa jikoni nachuja chai ya pili, wao wako uani kwenye mkeka. Mmoja akaanza, kwa ile sauti ya huruma inayotangulia mambo mabaya. Nikasimama na chujio mkononi. Ayeeyo hakupandisha sauti wala hakunitetea. Alimuuliza tu yule mama kama amekuja kuniona tangu nifike. Kimya. Kisha akaniita kwa jina, akaniambia nilete chai, na nilipofika akanionyesha nafasi kwenye mkeka, katikati yao, karibu na yule yule mama. Nikakaa. Nikaulizwa mambo ya chuo, nikajibu. Karo, nikasema, ni shilingi ngapi, na tunadaiwa ngapi. Ukumbi wote ukageuka. Wakaanza kuhesabu nani ana mtu wapi, nani anaweza kusaidia nini. Chuoni sikurudi, ila simu ninayoandikia hizi makala ilinunuliwa na mchango ulioanzia kwenye mkeka ule.

Ni watu wale wale, na chai ni ile ile. Dakika kumi kabla walikuwa wananimaliza.

Mji huu unajua kukaa pamoja kukiwa na jambo zito. Mwaka 2001 jamii za wafugaji za kaskazini zilikutana hapa hapa zikakubaliana mambo ya malisho, maji, wizi wa mifugo, bunduki na fidia ya damu, na makubaliano yale yanaitwa Azimio la Modogashe hadi leo. Watu waliokuwa na makaburi kati yao waliweza kuulizana uso kwa uso. Sasa sisi tunashindwaje kumuuliza binti mmoja?

Kwa hivyo leo, popote ulipo, South C, Kisauni au Garissa, jioni itafika na mtu atamimina chai. Jina la mtu ambaye hayupo litaletwa. Litaletwa tu, hata kama kikao chenyewe sasa ni kundi la WhatsApp. Jaribu swali la ayeeyo. Uliza nani kati yenu amekwenda kumwona. Kama hakuna, wewe una miguu, na chai iliyobaki kwenye chupa bado ni moto.